Mistari kwenye Kadi ya Kadzo

Mwanangu Riziki,

Sweta limo ndani ya begi, dawa za malaria zimo, na namba ya simu ya dukani kwa jirani baba yako amekuandikia kwenye karatasi na kwenye kiganja pia. Kwa hiyo hayo siyagusi. Nimeswali alasiri, nimekaa kwenye meza yako, na wewe umekwenda Likoni kumuaga bibi yako. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikikuona tu najua nitaanza habari za soksi.

Jana uliniuliza jambo nikakujibu vibaya. Ulisema unakumbuka kadi ulizokuwa ukizichorea nyuma ulipokuwa darasa la pili, zile zenye picha ya mama wa magongo, zilizokuwa zimejaa chini ya kitanda chetu. Ukauliza huyo mama alikuwa nani na kwa nini kadi zile ziliharibika. Nikasema, "Aa, kazi za zamani hizo," kisha mgeni akabisha hodi. Jibu lenyewe ni refu, na nadhani wewe ndiye unayestahili kulipata.

Unajua kuwa mimi na baba yako tulikutana kwenye kiwanda cha uchapaji kule Changamwe. Yeye alikuwa mtu wa mashine, mimi nilikuwa chumba cha kamera. Usidhani ni kamera ya kupigia picha za arusi. Ilikuwa kubwa kama kabati, imefungwa sakafuni kwa bolti, na kazi yake ilikuwa kupiga picha ya kitu kilichochorwa kwenye karatasi na kukipunguza au kukikuza hadi kipimo anachotaka mteja. Filamu niliyoitoa ndiyo iliyotengenezewa pleti, lile bamba la kuchapia, na pleti ndiyo iliyopanda kwenye mashine ya baba yako. Kiwanda kilikuwa kando ya barabara kuu. Lori la mafuta likipita likiwa limejaa, sakafu ilitetemeka na kamera ikatetemeka nayo. Mwanzo nilitoa filamu zenye ukungu nikalaumu lenzi. Baadaye nilijifunza kusikiliza barabara: lori likishapita na jingine halijasikika, hapo nafungua lenzi na kushusha pumzi polepole mpaka imalize. Hata leo nikisikia lori kubwa mkono wangu husimama wenyewe.

Miongoni mwa wateja wetu kulikuwa na karakana ndogo ya mikufu upande wa Bombolulu. Watu wake hawakuwa wengi, na karibu wote walikuwa walemavu: mmoja haoni vizuri, mwingine mkono umepooza, wengine miguu. Walitengeneza mikufu na bangili za shanga, na kampuni moja ya Ulaya ikawa inawauzia huko. Aliyeshughulikia mauzo ni Bwana Mutua, kijana wa bara, mchangamfu, aliyekuja kwetu na pikipiki yenye kelele na kila mara akauliza kwanza kama chai ipo.

Siku moja alikuja na kazi mpya. Ile kampuni ilitaka kutuma kadi kwa posta majumbani mwa watu, maelfu kwa mkupuo mmoja. Kadi iwe na picha upande mmoja, watu waone mikufu, wakipenda waagize. Zichapwe hapa, zipelekwe huko kwa maboksi, wao wazitume. Sasa huko anayetuma barua kwa wingi namna hiyo hupunguziwa nauli, ila kwa sharti. Kila kadi iwe na ile mistari myeusi, mingine minene, mingine myembamba kama unywele, ambayo siku hizi unaiona nyuma ya kila pakiti ya sabuni. Bwana Mutua aliiita bakodi. Sisi tukaiita mistari tu. Mashine ya kupanga barua inaimulika mistari hiyo na kujua kadi ni ya nani na imo kwenye mzigo upi, bila mtu kuishika. Ikishindwa kuisoma, kadi inatupwa kando, na zikitupwa nyingi, mzigo wote unalipiwa kama barua za kawaida.

Kampuni ilituletea mistari yenyewe, imechorwa safi kwenye karatasi inayong'aa, pamoja na maelezo: unaweza kuipunguza mpaka hapa, unaweza kuikuza mpaka pale, na kushoto na kulia uache weupe usioguswa na kitu. Kati ya mwisho huu na ule, chagua mwenyewe.

Mimi nikachagua ndogo kabisa iliyoruhusiwa.

Nilichagua kwa macho, Riziki. Kadi ilikuwa na picha nzuri. Alikuwa mama mmoja wa karakana ile, Kadzo, Mgiriama wa Jomvu, amekaa kwenye benchi, magongo yake yameegemea paja, na mkononi ameinua mkufu wa shanga za buluu kama anauonyesha jua. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kizungu kwa herufi kubwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa kichochoro. Nikaipunguza mistari ikaingia pale kama imezaliwa pale. Bwana Mutua alipoiona alipiga makofi.

"Hapo mama umenifurahisha. Ni kama haipo!"

Baba yako akachapa. Kadi zikatoka nzuri wallahi, tukazipanga kwenye maboksi, zikaondoka. Nilijisikia fundi.

Zilipita wiki kadhaa. Bwana Mutua akaja, na safari hii hakuuliza chai. Alikuwa na rundo la kadi zetu zimefungwa kwa mpira. Alilitua mezani kwangu akasema, "Hazisomeki."

"Hazisomeki vipi?"

"Mashine yao imezikataa. Karibu zote."

Nilichukua kile kioo changu cha kukuza nikatazama. Kwenye filamu yangu mistari ilikuwa safi, nilikuwa na hakika. Lakini kadi zile zilikuwa za manila, na manila ni karatasi laini, inakunywa wino. Kila mstari ulikuwa umevimba kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Kwa mstari mnene haidhuru. Lakini ile myembamba ilikuwa imesogeleana, na weupe wa katikati umezibika. Yaani nilikuwa nimeandika barua nzuri kwa mwandiko ambao msomaji wake hawezi kuusoma.

Hakuna aliyenigombeza. Tajiri wetu, mwenye kiwanda, alisema kazi ilifanywa ndani ya mipaka waliyotupa wenyewe, na hilo ni kweli. Lakini karakana ililipa ile nauli kamili, na baada ya hapo kazi ikapungua. Baadhi ya watu waliambiwa wakae nyumbani kwanza, wataitwa. Kadzo alikuwa mmoja wao. Kadi zilizobaki baba yako alizileta nyumbani maana kiwandani zingechomwa, na wewe ukapata karatasi za kuchorea.

Ule msemo wa tajiri, "ndani ya mipaka," ulinikaa kichwani muda mrefu. Ulinitoa lawamani, lakini haukumrudisha mtu yeyote kwenye benchi lake.

Msimu uliofuata Bwana Mutua alirudi. Kampuni imekubali kujaribu mara moja tu tena. Zikikataliwa, watatafuta mikufu kwingine. Kuna watu India, kuna watu Guatemala. Hakuwa akitutisha. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha chumba changu, amevua kofia ya pikipiki, anaizungusha magotini.

"Safari hii tufanye kubwa kiasi gani?" akauliza.

Nilikuwa karibu kumtajia kipimo. Nilishafungua mdomo. Kisha nikaona kuwa kipimo hicho nacho nakitoa machoni, kama kile cha kwanza. Nikamwambia, "Sijui. Hebu tupe siku chache."

Nilipiga filamu tatu: ndogo ile ile ya mwanzo, ya kati, na kubwa. Nikampa baba yako achapie kwenye manila ile ile. Akachapa karatasi moja moja, polepole, akaniletea. Tukatazama kwa kioo. Zote tatu zilionekana safi, hata ile ndogo!

Nikasema, "Sasa mbona hii iko sawa?"

Baba yako alifuta mikono kwa tambara. Halafu akasema, "Hii nimeibembeleza. Mashine baridi, wino kidogo. Siku ya kazi mashine haibembelezwi. Inakwenda mbio, inapata moto, wino unalainika. Tukipima, tupime iliyotoka katikati ya mbio."

Kwa hiyo siku iliyofuata, alipokuwa akichapa kazi ya mtu mwingine mwenye manila kama ile, aliziweka zile sampuli zetu pembeni ya karatasi, pahali panapokatwa na kutupwa. Akaiacha mashine ichemke kabisa, ndipo akachomoa karatasi. Hapo kioo kilionyesha tofauti. Lakini kioo ni jicho langu tu, limeongezewa nguvu. Tulihitaji jicho la mashine, na sisi hatukuwa na mashine.

Wazo la Nyali lilikuwa la baba yako. Kulikuwa na supamaketi mpya huko, na alikuwa amesikia kuwa keshia habonyezi bei tena, anapitisha kitu juu ya taa nyekundu na mashine inalia. Tukatoka kazini mapema siku ya Jumamosi, mimi na buibui langu na yeye na shati la kazi lenye wino kwenye kola, tukaingia. Askari wa mlangoni akatusimamisha.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi," baba yako akasema.

"Basi hayo makadi ya nini?"

"Tunataka kuyapima kwenye mashine yenu."

Askari alitutazama kama watu waliotoroka mahali. Nilijua tukiendelea kueleza tutafukuzwa. Nikachukua kikapu, nikatia sabuni na chumvi, nikaenda kupanga foleni kama mteja mwingine. Keshia alikuwa msichana wa bara, kitambulisho chake kimeandikwa Njeri. Alipomaliza sabuni na chumvi nikamwekea zile kadi.

"Hizi je?"

"Hizi hazina bei, mwanangu. Nataka kujua kama mashine yako inazisoma."

Pengine ni lile neno mwanangu, pengine alikuwa amechoka na sabuni. Akacheka. "Haya, lete."

Ile ndogo aliipitisha. Kimya. Akaipitisha tena, akaigeuza, akaisugua kwenye gauni. Kimya. Ya kati ikalia mara ya kwanza, namba zikatokea kwenye kioo chake, na chini yake maneno kwamba bidhaa hiyo haijulikani. Akaipitisha tena ikakataa. Tena ikakataa. Tena ikalia.

"Hii imesoma!" nikasema.

Njeri akatikisa kichwa. "Mama, hii ingekuwa unga, foleni ingenitukana."

Kubwa ililia kila alipoipitisha, hata alipoipitisha ovyo, hata alipoipitisha kinyume. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Tukamshukuru, tukatoka, na yule askari akaniomba nimwonyeshe ndani ya kikapu.

Njiani nilimwambia baba yako kuwa ile ya kati labda tukipunguza wino itakubali. Nilikuwa nayo tamaa, kwa sababu ya kati ingeingia kwenye kadi bila ugomvi na mtu, na kubwa isingeingia. Akaniuliza, "Siku ya kazi utakuwapo kule Ulaya uipitishe mara ya pili?" Basi, ikawa kubwa.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, na hapo si pa wino tena.

Tulikwenda Bombolulu, mimi na Bwana Mutua peke yetu, kupanga kadi upya. Nilikuwa nimeikata ile mistari mikubwa kwenye kipande cha karatasi, nikawa naisogeza juu ya picha kutafuta pa kuiweka, pamoja na weupe wake wa kushoto na kulia. Tulikaa kwenye meza mwishoni mwa chumba cha kazi. Watu wachache waliorudishwa kwa kazi ndogo ndogo walikuwa wakitunga shanga, na Kadzo alikuwa miongoni mwao, kwenye benchi la karibu nasi, magongo yake chini.

Nikaiweka juu, ikaziba paa na mti vya nyuma yake, na bado haikutosha. Nikaiweka kulia, ikafunika magongo.

"Hapa," nikasema. "Tukate hapa."

"Hapana mama," Bwana Mutua akasema. "Magongo hayakatwi."

"Kwa nini?"

"Magongo ndiyo yanayouza. Nikiyatoa, huyu ni mtengeneza shanga kama wengine."

Nikamwambia si haki kumtangaza mtu kwa ugonjwa wake, kwamba mtu ana heshima yake, kwamba yeye mwenyewe asingependa mamake apigwe picha hivyo. Naye hakuwa mtu mbaya, Riziki, nakuomba uelewe. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ndiye ninayewaambia watu hawa warudi nyumbani. Msimu uliopita, hata baada ya hasara ya nauli, walioagiza waliandika kwamba wameguswa. Wameguswa, wakalipa. Nifanyeje?" Nami nikapandisha sauti. Yeye akashika upande wa kushoto wa picha, mimi upande wa kulia, mikono, magongo, mguu, huyu anasema toa, huyu anasema acha.

"Mama Riziki."

Ilikuwa sauti ya Kadzo. Hakuinua uso kwenye shanga zake.

"Abee."

"Mnanikata wapi?"

Mtu huyo alikuwa pale wakati wote, hatua chache, na sisi tulikuwa tukimgawa kama samaki. Niliiondoa ile karatasi ya mistari juu ya picha. Bwana Mutua naye alitazama kofia yake.

"Leteni nione," akasema.

Tukampelekea. Aliishika kadi mbali kidogo na macho, kama watu wazima wanavyofanya. Alijitazama kwa muda. Halafu akaweka kidole chini ya picha, kwenye yale maneno ya herufi kubwa.

"Hapa pameandikwa nini?"

Kadzo hakuwa amesoma Kizungu. Nilimtazama Bwana Mutua, naye akanitazama mimi. Nikamsomea, nikamgeuzia kwa Kiswahili kama yalivyo: Wasaidie wasiojiweza wa Afrika.

"Asiyejiweza ni nani?"

Bwana Mutua akawa anaizungusha kofia yake.

"Ni mimi?" Akaangalia tena. "Yaani msimu mzima ule nilikuwa nimekaa juu ya maneno haya?" Alisema pasipo hasira, kama mtu anayeambiwa kuwa kanga yake imechanika nyuma na ametembea nayo tangu asubuhi. "Mimi nina watoto watatu wanakwenda skuli. Nyumba nimeijenga, choo nimekichimbisha. Maneno hayo ndiyo ya kukata. Hapo pana nafasi tele."

"Na magongo?" nikauliza. Nilidhani najua atakachosema. Nilikuwa nimempigania.

"Magongo yana nini?"

"Nilifikiri... usingependa yaonekane."

Sasa ndipo alipoinua uso kunitazama, na alinitazama kwa mshangao kabisa. "Nikitoka hapa natembea na nini, Mama Riziki? Yaacheni. Haya nimechongewa na kaka yangu, mti wenyewe mvule."

Nilikuwa nimempa aibu ambayo hakuwa nayo, kisha nikajipa kazi ya kumfichia. Wakati ule sikuweza kulisema hivyo. Niliona joto tu masikioni.

Bwana Mutua alijaribu. "Lakini Dada Kadzo, maneno hayo ndiyo yanayogusa watu."

"Wanagusika, wananunua mmoja," Kadzo akasema. "Yule Mjerumani wa hotelini alinunua ule wa buluu kwa sababu mkewe aliutaka. Akarudi akanunua wa kijani. Akarudi tena na rafiki yake. Huyo ulimwandikia nini mpaka akaja?"

Bwana Mutua alifikiri. Akatoa kalamu. "Tusipoandika hayo tuandike nini? Hapawezi kukaa tupu."

"Andika jina langu. Mtu akipenda mkufu ajue amwagize nani."

Akaandika na "s". Kadzo hakujua Kizungu lakini jina lake alilijua. "Si 's'," akasema, "weka 'd' na 'z'." Akasahihisha. Jina moja dogo halikula nafasi, na mistari mikubwa iliingia pale palipokuwa na yale maneno, na weupe wake kushoto na kulia, kama maelezo yalivyotaka. Picha ilibaki nzima.

Siku ya kuchapa nilisubiri barabara inyamaze kuliko siku yoyote. Baba yako alisafisha mashine tangu asubuhi, na ilipokuwa kwenye mbio alichomoa kadi kila mara tukazitazama. Jioni yake tulizipeleka nyingine Nyali. Njeri alituona akasema, "Wale watu wa makadi!" Zikalia zote.

Kisha tukangoja. Hakuna aliyetuandikia kutusifu. Kazi ya namna ile ikienda sawa hakuna anayejua kama imefanywa. Tulijua kwa sababu siku moja nilipita karakana nikakuta mabenchi yamejaa.

Sitakudanganya kuwa jina la Kadzo liliwatajirisha. Bwana Mutua aliniambia wazi kuwa mwanzo maagizo yalikuja machache kuliko alivyozoea, akawa halali vizuri. Baadaye yakaanza kuja mengine ya namna tofauti, ya watu wenye maduka, wanaotaka mikufu ile ile tena na tena, na baadhi wakaandika wanataka ya Kadzo. Si wengi, ila waliendelea. Kadzo mwenyewe nilipompelekea kadi iliyokamilika aliitazama sana, nikangoja neno kubwa, akasema tu, "Mbona shingo yangu fupi hivi?" Siku hizi amepanga chumba chake huko huko Bombolulu na ana wanawake wawili anaowafundisha. Ulimwona kwenye arusi ya shangazi yako Mejumaa, yule aliyecheza akiwa amekaa.

Mimi nimefanya makosa makubwa kuliko la mistari, na mengine utayasikia kwa shangazi zako kwa raha zao. Hili nimelichagua kwa sababu ya jambo la mwaka huu, ambalo wewe hulijui.

Matokeo yako yalipotoka, mimi nilishapanga. Nilikwenda kwa shangazi yako, nikaenda kwa mwalimu wako, nikakutafutia chuo hapa hapa pwani, pahali ambapo ningeweza kukuletea wali siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimekupangia na kitanda cha kulala kwa shangazi. Nikaja kumweleza baba yako, nimefurahi, namhesabia faida. Akanisikiliza mpaka mwisho akifuta mikono. Akaniuliza neno moja: "Mwenyewe umemuuliza?"

Nikasema wewe bado mtoto, unajua nini. Lakini neno lile lilinifuata jikoni. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi. Nikakuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya bamia, ungependa kusomea wapi. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Eldoret, mama. Nimeshalifikiria muda mrefu." Na ukaendelea kukuna.

Sikulipenda jibu lile, Riziki. Silipendi hata sasa ninapoandika. Ni mbali, ni baridi, sina mtu huko, na lugha ya watu wake siijui. Wale watu wa kwanza utakaokutana nao watakuona mtoto wa pwani tu, na sitakuwapo kuwaeleza wewe ni nani. Utawaeleza mwenyewe, au utanyamaza, ukitaka.

Lakini nilikuuliza, na ulinijibu. Kesho begi lako zito nitalibeba mimi mpaka kituoni.

Mama yako,
Mwanahamisi